Mdomo Mpya wa Klarineti ya Bwana Gervas

Naanza na muwa. Kama katika shule yako yupo mwalimu wa muziki anayewaambia wanafunzi kwamba mpuliza klarineti hali muwa wala mahindi ya kuchoma, eti utamu na moshi vinalegeza midomo, mwambie aache. Kanuni hiyo haimo katika kitabu chochote. Niliitunga mimi, huko Mpanda, mbele ya Kidato cha Pili, siku mwanafunzi mmoja aliponiletea pingili ya muwa kwa heshima zote, na darasa zima likatulia kunitazama nikiimenya kwa meno. Sikuweza. Meno yangu mawili ya mbele, ya juu, si yangu. Ya kwangu yalibaki kwenye uwanja wa netiboli nikiwa msichana, na haya mnayoyaona nikicheka yamekaa kwenye kibao cha plastiki kinachoshika kaakaa. Niliwaficha wanafunzi, nikawaficha walimu wenzangu, na kwa muda ambao si vizuri kuutaja, nilimficha hata mwanamume aliyekuja kunioa. Mwaka jana, katika semina, nilimsikia mwalimu wa mkoa mwingine kabisa akiieleza kanuni ya muwa, na mchoro ubaoni. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Sasa nimestaafu, na nyie vijana mliobaki na somo hili mmeniomba niandike ya kazini. Ya vyeo na mishahara nayaacha. Hayakuwa mengi, na machache yaliyokuwepo mnayajua. Nitaandika ya miaka yangu ya kwanza, na hasa ya kipande kimoja cheusi kinachoenea kiganjani, ambacho kilininyima raha kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya au kusimamia.

Nilifika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa treni ya kutoka Tabora, nikiwa na shahada, sanduku la bati, na filimbi za plastiki za kufundishia nilizozifunga ndani ya kitenge. Mkuu wa shule alinipokea kwa furaha, akanipa vipindi vya jiografia.

"Nilidhani nimeletwa kufundisha muziki, Mkuu."

"Muziki upo," akasema. "Upo Alhamisi."

Alhamisi nikafunguliwa stoo. Ngoma kubwa ilikuwa imeliwa na panya upande mmoja, na ndani ya tarumbeta nene manyigu walikuwa wamejenga, wamezaa na wamehama. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye ngazi, nikajiuliza kama jiografia ni mbaya kiasi hicho. Mwalimu mgeni akinijia leo na maneno kama hayo simpi hotuba. Namwambia aanze na filimbi na makofi, na asikabidhiwe stoo kabla haijapigwa dawa.

Aliyeniokoa alikuwa opereta wa simu. Siku hizo mtu wa Mpanda akitaka kuongea na mtu wa mbali alikwenda Posta, akabuku simu, akakaa kwenye benchi akisubiri jina lake liitwe na namba ya kibanda cha kuongelea. Aliyeita majina alikuwa Bwana Gervas, mtu wa makamo, mzaliwa wa Karema, mwenye sharubu zilizochongwa kwa mkasi na sauti ya kuamrisha. Nilikwenda kumpigia mama yangu kumwambia kwamba nimefika salama, ambao ulikuwa uongo mdogo. Nikiwa kwenye benchi nikamsikia anapiga mluzi huku ameweka vifaa vya kusikilizia masikioni. Haukuwa wimbo. Ilikuwa sauti ya pili ya wimbo, ile ya chini, peke yake, bila kukosea. Alipoona naangalia, akavua vifaa.

"Wewe ndiye mwalimu wa muziki mwenye shahada?"

"Ni mimi."

"Shahada ya kupiga au ya kueleza?"

"Zote mbili."

"Tutaona. Jumamosi saa tisa, uwanja wa kanisa. Usivae viatu virefu, sisi tunatembea."

Bwana Gervas ndiye aliyeongoza bendi ya parokia, na aliiongoza kwa klarineti, ambayo mjini pale ilikuwa hiyo hiyo moja. Mapadre wa Karema walimkabidhi akiwa kijana, na tangu hapo haikuwahi kulala nyumba nyingine. Bendi zenu nyingi zinaongozwa na tarumbeta. Ile ilifuata klarineti kama vifaranga. Kwake nilijifunza mambo ambayo chuo kikuu hakikuyagusa: kupumua ukipanda mlima huku unapiga, kumweka mpiga ngoma mwoga katikati na si pembeni, na kutowapa wapigaji pilau kabla ya harusi kwisha. Naye alikubali wanafunzi wangu wajifunze klarineti Jumatano jioni, mradi yeye akae pale pale akiwatazama kama mtu aliyeazimisha mtoto wake.

Kwa mliokulia kwenye kinanda, nieleze kidogo. Klarineti ina mdomo, yaani kipande cha juu kabisa unachokitia kinywani. Chini ya mdomo kuna ulimi, kijiti chembamba cha tete kinachotetemeka na kutoa sauti. Ulimi unabanwa na bangili ya chuma yenye skrubu mbili. Mdomo, ulimi na bangili, ala inakuja navyo. Meno unaleta mwenyewe: ya juu yanakaa juu ya ule mdomo na kuushikilia usitikisike. Mtu mwenye kibao cha plastiki akiweka meno yake pale, fuvu lote linatetemeka kama treni imepita chini ya kitanda. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakunja mdomo wangu wa juu, naupitisha chini ya meno kama mto, ndipo nauma. Unachubuka, lakini sauti inatoka. Bwana Gervas aliliona hilo siku ya kwanza.

"Mwalimu, mbona unakunja mdomo kama bibi anayekunywa uji wa moto?"

"Ndio mtindo wa kisasa," nikasema. "Wa Ulaya."

"Basi Ulaya kuna shida," akasema, akaendelea na kazi.

Klarineti yenyewe ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Mdomo ulikuwa umemeguka kwenye ncha, na bangili ilipoteza skrubu moja, hivyo ulimi ulifungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Lile pengo la ncha Bwana Gervas alilijaza nta ya nyuki. Pale Mpanda asali na nta havikosekani, na yeye aliamini nta inatibu kila kitu, kuanzia bawaba za mlango mpaka nyufa za visigino. Nilimuunga mkono. Nikatoa hata maelezo ya kitaalamu.

Nta ile ilifanya kazi vizuri asubuhi na jioni. Halafu tukaalikwa kumpokea mgeni wa serikali uwanja wa mpira, mwezi wa Oktoba, saa saba mchana. Mnaoijua Oktoba ya kule mmeshajua kilichotokea. Katikati ya mstari wa pili nta ikayeyuka, ikapita chini ya ulimi, ikaushika. Klarineti ikanyamaza. Bendi iliyozoea kufuata, ikikosa wa kumfuata, kila mtu anachagua njia yake. Mabaragumu yakaenda kushoto, ngoma zikabaki. Mgeni akadhani wimbo umekwisha, akapiga makofi. Bwana Gervas akanigeukia, midomo yake ikimeremeta.

"Nimekula mshumaa," akasema.

Siku ile kamati ya bendi ikakubali kwamba klarineti inunuliwe mdomo mpya na bangili mpya. Mdomo mmoja, bangili moja, basi. Uwezo uliishia hapo. Duka tulilolijua lilikuwa Dar es Salaam, la mzee mmoja Mgoa aliyeitwa Bwana Dias. Bwana Gervas alimfahamu kwa sauti tu, kwa kuwa alikuwa akimuunganishia simu za mapadre kwa miaka mingi.

Kabla hatujaagiza, likatokea la Litapunga. Bendi ilipiga harusi huko, na jioni Bwana Gervas akarudi kwa baiskeli, kisanduku cha klarineti kifuani. Kwenye mteremko tairi la mbele likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua. Mtu akianguka hivyo hutanguliza mikono. Mikono yake ilikuwa imekumbatia kisanduku. Klarineti haikupata hata mkwaruzo. Meno yake manne ya mbele, ya juu, yalibaki barabarani.

Fundi wa meno wa Tabora akamtengenezea ya bandia. Akarudi kazini na herufi "s" inayopiga mluzi, na kwa opereta ambaye kutwa anaita Sumbawanga hilo si jambo dogo. Watu kwenye benchi walicheka wakijiziba kwa viganja. Hilo alilivumilia. Ila Jumamosi ya kwanza alipoweka klarineti kinywani na kuuma, kibao kikateleza, na ala ikatoa mlio wa bata aliyekanyagwa. Akajaribu tena. Mara ya tatu akaitoa, akaifuta taratibu kwa kitambaa, akairudisha kisandukuni.

"Baridi," akasema. "Mbao imesinyaa."

Hakukuwa na baridi. Wote tulitazama chini.

Wiki kadhaa zikapita hivyo, kila Jumamosi na sababu yake. Mwishowe kamati ikaitisha kikao. Mwenyekiti alikuwa Bwana Onesmo, katekista mkuu, mtu mpole, na wapole ndio wanaokata kwa kina. Askofu anakuja kutoa Kipaimara, akasema. Bendi ndiyo itakayomwingiza kanisani, na haiwezi kumwingiza bila kiongozi. Kama hadi hapo Bwana Gervas atakuwa hajapona, basi klarineti akabidhiwe Mwalimu. Mwalimu ni mimi.

Nilisema sitaki. Nilisema kwa sauti ndogo, na kwenye vikao sauti ndogo huhesabiwa kuwa ndiyo. Bwana Gervas alikuwa ameshika kofia yake magotini, anaizungusha, anaizungusha.

Nataka mnielewe nilivyokuwa. Katika chumba kile mtu mmoja tu alijua kwamba inawezekana kupiga klarineti na meno ya bandia, kwa sababu alikuwa anafanya hivyo kila Jumatano mbele ya macho ya watu. Na mtu huyo alikaa kimya. Nilijiambia nitamwambia kesho, faraghani. Kesho yake nikafika hadi mlango wa Posta, nikaona benchi limejaa, nikanunua stempu nisiyoihitaji, nikaondoka. Nilikuwa na stempu nyingi sana kipindi kile. Na hofu yangu haikuwa ya Bwana Gervas peke yake. Ilikuwa ya Kidato cha Pili, ya mchumba wangu, ya wote waliokuwa wameacha muwa kwa ajili yangu.

Ndipo Bwana Dias akatuma salamu kwamba ana midomo miwili dukani. Wa kwanza una uwazi mpana kati ya ncha na ulimi, na mgongo mnene: sauti yake kubwa, lakini unataka meno yanayouma kama mbwa. Wa pili una uwazi mdogo na mgongo mwembamba: hauchoshi taya, ila kelele zake ni za adabu. Ana mmoja mmoja tu, na akishatuma harudishiwi. Nilimkuta Bwana Gervas nyuma ya Posta wakati wa chai, tukakaa juu ya pipa la lami lililolazwa.

"Mpana," akasema. "Bendi haipigi sebuleni."

"Mpana unataka kuuma sana, Bwana Gervas."

"Nitauma."

"Ule mwembamba ungekupumzisha. Ukiwa na bangili mpya inayobana sawasawa, huhitaji nguvu."

"Mwalimu, nikuulize kitu." Akaweka kikombe chini. "Nikichukua huo mwembamba, sauti ikawa ya kuku, Askofu asisikie, klarineti inakwenda kwa nani?"

Nikatazama chai yangu.

"Inakwenda kwako. Halafu wewe ndiye unanichagulia mdomo."

"Sikuchagulii. Ninachosema ninakijua."

"Unajua nini? Umewahi kupuliza huku meno yanatembea?"

Jibu lilikuwa neno moja. Nililisikia limefika mpaka kwenye kaakaa, likagonga plastiki, likarudi. Nikasema nimesoma kitabuni.

"Kasome tena," akasema, akaenda kuita majina.

Kamati ikaamua agizo nilitoe mimi kwa simu, kwa kuwa najua majina ya vitu. Ilikuwa siku ya watu wengi. Benchi lilijaa mpaka wengine wamesimama ukutani, wafugaji waliouza ng'ombe wakitaka kuongea na ndugu zao Shinyanga, akina mama wenye watoto wagonjwa mbali, wafanyabiashara wa mchele. Bwana Gervas akaniita kama mteja yeyote.

"Dar es Salaam, kibanda namba mbili. Mpana, Mwalimu."

Vibanda vile vilikuwa vya mbao zilizoishia kifuani, na laini ilikuwa mbaya. Kule Posta kila mtu alijua habari za kila mtu, kwa sababu hakuna aliyeweza kuongea bila kupiga kelele.

"Bwana Dias! Napiga kutoka Mpanda! Ule mdomo wa klarineti!"

"Nakusikia, mwanangu, nakusikia. Wataka upi?"

"Mpana!"

"Mpana. Mpigaji ni nani, askari?"

"Ni opereta wa simu! Bwana Gervas!"

"Aa, Gervas! Yu mzima? Mbona siku hizi akiita namba ni kama anapuliza filimbi?"

"Alianguka! Ana meno ya bandia!"

Nyuma yangu mtu akacheka kidogo.

"Mwanangu, mpana na meno ya bandia haviendi. Nani kakwambia mpana?"

"Yeye mwenyewe!"

"Na wewe mwalimu wasemaje?"

Niligeuka. Kupitia kioo cha chumba cha mitambo nilimwona Bwana Gervas, vifaa masikioni, ananitazama. Maopereta husikiliza, tulijua wote. Alikuwa anasubiri nimwibie klarineti yake mbele yake.

"Mwembamba," nikasema.

"Sikusikii!"

"Mwembamba!"

"Una hakika? Nikishafunga sirudishi. Kuna watu hufikiri tu, mwanangu, halafu huniletea lawama. Una hakika kwa nini?"

"Kwa sababu na mimi ninayo!" nikapiga kelele. "Meno! Ya bandia! Mawili ya mbele! Napigia hayo hayo!"

Mtoto aliyekuwa analia kwenye benchi akakatisha kilio. Kwenye simu Bwana Dias alisema vizuri sana, basi atafunga mwembamba pamoja na bangili ya skrubu mbili, na Mungu anibariki. Nikaweka simu, nikatoka kibandani. Mfugaji mmoja mwenye kofia pana akanivulia kofia.

"Pole sana, Mwalimu," akasema, kwa dhati kabisa.

Na mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, akajipiga paja. "Kumbe ndiyo mambo ya muwa!"

Bwana Gervas akatoka chumba cha mitambo. Hakucheka, wala hakunishukuru. Aliandika stakabadhi yangu polepole, akaigonga muhuri, akanisogezea. Halafu akainama juu ya kaunta, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, ya aibu:

"Usiku unayavua?"

"Nayavua. Naweka kwenye kikombe cha maji."

"Mimi nalala nayo," akasema. "Naogopa mke wangu aone."

Tulianza jioni ile ile, kwenye stoo ya shule, na mdomo wa zamani. Nilimwonyesha kukunja mdomo wa juu, kulegeza taya, kuchonga ulimi uwe laini zaidi, na kubandika kiraka cha tyubu ya baiskeli mgongoni mwa mdomo ili mtetemo usipande kichwani. Alichubuka mpaka damu. Alikasirika, akanitukana kwa Kibende, lugha yake ya nyumbani, akarudia.

"Kumbe si Ulaya," akasema siku moja, akijifuta.

"Si Ulaya."

Sauti zilizotoka zilikuwa za chini tu, nne au tano, zenye pumzi nyingi. Za juu hazikuja. Mdomo ule ulikuwa umekufa, tukasema. Mpya ukija zitakuja. Tulisema hivyo mara nyingi kuliko inavyofaa kusema jambo unaloliamini.

Mvua zikakaza. Treni ikawa inakuja inapotaka, na mzigo wa Dar es Salaam haukuonekana. Hapo nikaitwa Sumbawanga, ambako wakati ule ndiko yalikokuwa makao ya mkoa wetu, kwenda kusahihisha mitihani. Nilipanda lori la mahindi nikimwacha Bwana Gervas bila mdomo, na Askofu akitarajiwa Jumapili ile ya mwisho wa zoezi.

Tulilala hosteli ya masista. Mchana nilisahihisha na jioni nilihesabu makosa yangu mwenyewe. Kwa nini niliamini kinywa changu? Mimi sina meno mawili, yeye hana manne. Kibao chake kirefu kuliko changu, kinashika pabaya zaidi. Na mimi napiga darasani, yeye anapiga barabarani, mbele ya umati. Huenda mwembamba kweli ni wa sebuleni. Sauti ikiwa ndogo, kamati itanipa klarineti, na hakuna hata mtu mmoja Mpanda atakayekosa kuona kwamba nilipiga kelele zile zote Posta ili nifike hapo. Yeye mwenyewe ataona hivyo. Angeagiza mpana akashindwa, angeshindwa kwa uamuzi wake. Mimi nilimwondolea hata hicho.

Jumamosi alasiri nilikuwa na rundo la mwisho na kalamu nyekundu Sista mmoja alipoita toka kwenye korido.

"Mwalimu wa Mpanda! Simu yako!"

Nilikimbia na kalamu mkononi. Simu ilikuwa ukutani, karibu na mlango wa jikoni.

"Mwalimu?"

"Bwana Gervas! Mzigo umefika?"

"Umefika juzi. Hujambo huko? Baridi?"

"Sijambo. Umejaribu?"

"Watoto wamefaulu?"

"Bwana Gervas!"

"Bangili ni nzuri," akasema. "Skrubu zote mbili zipo. Nimezifungua na kuzifunga mpaka mke wangu amenikataza."

"Na mdomo?"

Akakohoa. "Mwembamba kama wa kinda. Nimeweka kiraka. Zile za chini zinatoka. Jana mazoezini nimepiga za chini tu, za juu nimemwachia tarumbeta, nikasema koo linauma. Onesmo ananitazama. Kesho Askofu anaingia, Mwalimu, na ule wimbo unapanda."

"Umejaribu kuupandisha ukiwa peke yako?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nikijaribu nitajua."

Niliegemea ukuta. Nilimfahamu vizuri kuliko alivyodhani.

"Jaribu sasa."

"Hapa kazini?"

"Hapo hapo. Mimi nimeshika simu."

Nilisikia kiti kikiburutwa, mlango ukifungwa, kufuli za kisanduku, tak, tak. Halafu wimbo wa maingilio ukaanza, mstari wa kwanza, wa pili, chini huko mahali pa salama, sauti nene na yenye pumzi. Mstari wa tatu ndio unaoruka. Kwenye mruko ule mtu mwenye meno ya bandia huogopa, akiogopa huuma, akiuma kibao huteleza. Nikajikuta nimekunja mdomo wangu wa juu kwa nguvu, peke yangu kwenye korido, kana kwamba ningeweza kumshikia.

Akaruka. Sauti ikakwaruza, nusu ya pumzi, kisha ikashika. Ikakaa juu, safi, haikutetemeka, akaenda nayo mpaka mwisho wa mstari na kuingia wa nne bila kusimama kuniuliza.

Sista akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Redio hiyo?"

Alikuwa mbali nami hatua nyingi, na bado alikuwa ameisikia. Nikamtikisia kichwa.

Ndani ya simu akaingia mtu wa tatu, opereta wa Sumbawanga, mwanamke, akiongea taratibu kama mtu anayepita katikati ya waliosimama kusali.

"Mpanda, muda wenu umekwisha. Kuna wanaosubiri laini. Nikate, au niongeze?"

Klarineti ilikuwa imeanza ubeti wa pili.

"Ongeza," nikasema.